Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Siku Moja Bagamoyo, Saadani na Mto Wami

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imerudiwa mno katika hotuba za utalii nchini mwetu, hata tumeacha kuisikiliza. Ina sehemu mbili. Ile ya kwanza, ya kumwita mgeni, tumeifanyia kazi kwa bidii isiyo na shaka: tumechapisha mabango, tumehudhuria maonyesho ya nje, na mwaka 2022 tulizindua filamu ya The Royal Tour ambamo Mkuu wa Nchi mwenyewe alikuwa kiongozi wa watalii. Ile ya pili, ya kupona kwa mwenyeji, tumeiacha ijitimize yenyewe, kana kwamba mgeni akishafika mwenyeji hana budi kupona.

Katika makala haya nataka kuipima methali hiyo kwa safari moja tu, ile ya siku moja inayounganisha mitaa ya kale ya Bagamoyo, wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani na matembezi ya boti katika Mto Wami. Nimeichagua kwa kuwa ni safari ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuifanya na kurudi kulala nyumbani, na kwa kuwa ndani ya saa zisizozidi kumi na nne inapita katika karibu kila swali kubwa la siasa ya nchi hii: historia inasimuliwa na nani, ardhi ni ya nani, na maji ni ya nani.

Mwendo wenyewe unajulikana. Msafiri huondoka Dar es Salaam alfajiri na kwenda kaskazini yapata kilomita 70. Asubuhi hutembezwa katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, mahali pa kupumzikia misafara, mnara wa kumbukumbu ya waliotiwa kitanzi, kisha misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Baada ya hapo hushika njia ya Makurunge kuelekea Saadani, akaona twiga, nyati, tohe, kuro na, akibahatika, palahala au tembo. Alasiri hupanda boti katika Wami, viboko wakipumua pembeni, mamba wameanikwa juani kwenye tope, mbega mitini na mdiria wakipiga mbizi, mpaka mikoko inapofunguka na bahari kuonekana. Ni safari nzuri. Nimeifanya mara kadhaa, mara nyingine pamoja na wanafunzi wangu, na ninaipendekeza kwa kila mwenye uwezo. Hoja yangu si kwamba safari hii haifai. Hoja yangu ni kwamba inaonyesha vitu na kuficha watu.

Tuanze na mji. Simulizi ambayo mgeni huondoka nayo Bagamoyo ni fupi: hapa watumwa walifika wakiwa wamefungwa minyororo, wakabwaga mioyo yao kwa kukata tamaa, wakavushwa kwenda Unguja, kisha wakaja wamisionari, wakawakomboa, kisha mwaka 1874 mwili wa David Livingstone ukaletwa hapa na watumishi wake waaminifu Chuma na Susi. Yamo ya kweli mengi humo. Biashara ya watumwa ilikuwepo, ilikuwa katili, na hakuna anayeruhusiwa kuipunguza uzito. Lakini simulizi hiyo inamfanya Mwafrika wa karne ya 19 kuwa mtu wa aina mbili tu, aliyefungwa au aliyekombolewa. Yule aliyefanya kazi, akadai ujira, akagoma, akajenga mji, hayumo.

Ukweli ni mpana zaidi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wengi wa njia kuu ya kati, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira. Walikuwa na desturi za kazi, walijadiliana kuhusu malipo na uzito wa mzigo, na waliweza kuususia msafara ambao mkuu wake aliwakosea. Neno posho, ambalo mtumishi wa umma wa leo analifahamu vizuri kuliko maneno mengi ya mkataba wake wa ajira, lilikuwa neno la misafara hiyo: ni chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, ambacho mpagazi alistahili kupewa njiani. Kwa mtu aliyetembea miezi kadhaa kutoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, kubwaga moyo Bagamoyo kulikuwa kutua mzigo na kupumua. Maelezo hayo mawili ya jina la mji yamekuwa yakishindana kwa muda mrefu. Mgeni huambiwa moja tu, lile linaloliza.

Vivyo hivyo kuhusu ukoloni. Mgeni huonyeshwa Boma na kuambiwa kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Mara chache huelezwa jinsi walivyofika hapo. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha kampuni ya Wajerumani mamlaka ya kusimamia pwani na kukusanya ushuru wa forodha kwa niaba yake kwa miaka hamsini, bila watu wa pwani kuulizwa. Agosti ya mwaka huo kampuni ilipotaka kupandisha bendera yake, pwani nzima ikawaka. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Na kule Saadani, kijiji ambacho mtalii wa mchana hukipita akielekea kuona twiga, Bwana Heri bin Juma aliongoza mapambano hadi mwaka 1890. Saadani haikuwa pori. Ilikuwa bandari ya misafara iliyoshindana na Bagamoyo, yenye kiongozi wake, soko lake na siasa zake. Mtalii anapoingia Saadani akidhani ameacha historia nyuma na kuingia katika maumbile matupu, amepotoshwa, na kosa si lake.

Ninaposema haya sidai kwamba waongoza watalii ni wavivu. Wengi ni vijana wa mji wenye akili na lugha mbili au tatu, wanaolipwa kwa safari moja moja na kutegemea bahashishi. Kijana wa namna hiyo atasimulia kile kinachompendeza anayelipa. Kumwekea maarifa mikononi ni kazi ya taasisi za umma, na Bagamoyo haina uhaba wa taasisi. Ipo Idara ya Mambo ya Kale yenye sheria yake tangu mwaka 1964. Ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyowafunza wasanii wa nchi hii vizazi kwa vizazi. Vipo vyuo vikuu vyetu saa mbili kutoka hapo, vyenye tasnifu kuhusu pwani zinazosomwa na mtahini peke yake. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuzikutanisha.

Kuna pia suala la nyumba zenyewe. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza ukiwa umependeza kwa nje. Boma lenyewe liliwahi kuporomoka sehemu baada ya mvua kubwa. Nyumba nyingi ni mali za watu binafsi na warithi wao. Sheria inamwambia mrithi asibomoe wala asijenge kisasa, lakini haimpi chokaa, fundi wala mkopo. Tunamtwika mzigo wa kumbukumbu ya taifa mtu asiye na uwezo wa kupaua, kisha tunashangaa nyumba inapoanguka. Tangu mwaka 2006 Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kama sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Orodha ya awali ni chumba cha kusubiri, na nyumba za matumbawe haziwezi kusubiri sana.

Tuje kwenye wanyama. Saadani inasifiwa kwamba ni mahali ambapo pori linakutana na bahari, na sifa hiyo ni ya haki. Ni jambo la nadra kuona nyayo za tembo kwenye mchanga wa ufukweni, na kasa wa kijani bado wanapanda kutaga katika ufukwe wa Madete. Kabla ya kuwa Hifadhi ya Taifa, eneo hili lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na baadaye likaongezewa maeneo mengine, likiwemo lililokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Kila nyongeza ya ramani ya hifadhi ilikuwa na upande wa pili. Wakazi wa Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani kilicho ufukweni, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mpaka wa hifadhi ulichorwa juu ya ardhi yao. Kwa maelezo yao, wazee wao walikubali pori la akiba katika miaka ile ya 1960 kwa makubaliano kwamba kijiji kingebaki na ardhi yake ya pwani. Mamlaka ya hifadhi kwa upande wake imeshikilia kwamba eneo hilo ni la hifadhi kisheria.

Sikusudii kuhukumu kesi hiyo katika makala. Ninachosema ni kwamba mgogoro wa mpaka kati ya taasisi ya umma na raia haufai kubaki bila mwisho kwa miongo. Nyaraka za miaka ya 1960 ama zipo au hazipo. Ramani ama zinalingana na tangazo la serikali au hazilingani. Mambo hayo yanaweza kuwekwa mezani, hadharani, mbele ya pande zote mbili na mpimaji asiye na upande. Kila mwaka unaopita bila kufanya hivyo, mzee mmoja anayekumbuka makubaliano anazikwa, na upande wenye kabati la mafaili unazidi kupata nguvu. Huko si kushinda hoja.

Hapo ndipo methali yetu inapopata mtihani. Kijiji kilichopakana na hifadhi ya taifa hupata nini? Jibu rasmi ni ujirani mwema: darasa hapa, zahanati pale, kisima kule. Nimeyaona madarasa hayo na yana faida. Lakini ujirani mwema ni fadhila. Jirani mwema akikasirika au akiishiwa, fadhila hukoma. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilipoelekeza mapato ya hifadhi kwenda Mfuko Mkuu wa Serikali, hata jirani mwenyewe alilazimika kuomba kwanza kabla ya kutoa. Mwanakijiji ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku hana sababu ya kufurahia kwamba tembo huyo alipigwa picha mchana, kama hakuna senti ya kiingilio inayomrudia kwa haki inayoweza kudaiwa mahakamani. Kupona kwa mwenyeji kunahitaji kifungu cha sheria.

Sasa mto. Mgeni anapokaa ndani ya boti, Wami huonekana kama kitu kilichokuwepo siku zote na kitakachokuwepo siku zote. Lakini maji yale yametoka mbali: kwenye milima ya Ukaguru na Nguru na nchi kavu ya upande wa Dodoma, yakapita mashamba ya mpunga na ya miwa ya Morogoro, yakavuka chini ya daraja la barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, ndipo yakafika mikokoni. Kila anayeinua pampu juu huko anaamua jambo kuhusu kiboko aliye chini. Maji matamu yakipungua mtoni wakati wa kiangazi, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini. Viboko huhamia juu. Mikoko hupata taabu. Kambamiti, ambao hutagwa baharini lakini hukulia katika maji mchanganyiko ya mikoko, hukosa malezi, na mvuvi wa Saadani hurudi na wavu mwepesi bila kujua kwamba aliyemnyima ni mtu aliye kilomita 200 kutoka baharini.

Hili nalo lina historia ya kuuma. Katika lililokuwa eneo la RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, kampuni ya Kiswidi ya EcoEnergy ilipewa hati ya zaidi ya hekta 20,000 kwa ajili ya miwa, karibu kabisa na Wami na Saadani. Wasomi na wanaharakati walihoji mapema habari ya maji, wanyama na watu waliokuwa wakiishi hapo. Baada ya miaka ya kusifiwa kama uwekezaji wa mfano, mradi ulifutiwa hati mwaka 2016, na miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ilikuwa kuwalinda wanyama wa Saadani na mto wao. Kampuni ikaenda kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, ICSID, ambalo mwaka 2022 liliamuru Tanzania ilipe dola milioni 165 za Marekani, kabla ya pande hizo mbili kuafikiana baadaye kwa kiasi pungufu. Sehemu ya ardhi hiyo leo ni mashamba ya miwa ya mwekezaji mwingine, wa hapa hapa nchini.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya naomba alitafakari jambo hili taratibu. Kama hoja ya wanyama na maji ilikuwa ya kweli, ilikuwa ya kweli kabla hati haijatolewa, na palikuwa na watu walioisema. Kuwapuuza wakati ule, kisha kuyatumia maneno yao yale yale wakati wa kufuta, kumetugharimu fedha ambazo zingeweza kukarabati Mji Mkongwe wote na kubaki na chenji. Na kama hoja hiyo ni ya kweli, inamhusu kila anayelima miwa kando ya mto ule, awe mgeni au mzawa. Mto hausomi uraia wa pampu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haina kigugumizi katika hili. Imepanga kwamba mahitaji ya binadamu yatangulie, yafuate maji ya kutunza mazingira, ndipo matumizi mengine yagawane kinachobaki. Kwa hiyo maji ya kiboko na ya mkoko si hisani ya mkulima wa juu. Ni haki ya pili kwa ukubwa baada ya ndoo ya mama. Bonde la Wami na Ruvu lina bodi yake yenye mamlaka ya kutoa vibali. Kinachotakiwa ni vibali hivyo vionekane: nani amepewa lita ngapi, kwa muda gani, na katika mwezi wa ukame mto ulifika baharini na kiasi gani.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba mtalii amekuja kustarehe, na anayetaka mhadhara aende chuo kikuu. Jibu hilo linawadharau watalii. Watu hulipa fedha nyingi kwenda kusikia ukweli mgumu Kisiwani Gorée na Kisiwani Robben, na hurudi wakiwa wameridhika kuliko waliouziwa hadithi tamu. Lakini hata kama mgeni hakutaka, yuko mgeni mwingine tunayemsahau: Mtanzania. Kiingilio chake hifadhini ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mtu wa nje, na hilo ni jema, ila kiingilio si kizuizi chake. Kizuizi ni gari la kuingilia, boti ya kukodi kwa bei iliyopangwa kwa dola, na barabara. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani inajengwa. Itafungua njia, na pia itapitisha malori ndani ya makazi ya wanyama. Huu ndio wakati wa kuuliza kuhusu vivuko vya wanyama, mwendo wa magari na malipo ya waliopisha mradi. Lami ikishakauka tutakuwa tumechelewa.

Na tusisahau kwamba mji huu una uzoefu na miradi mikubwa inayotangazwa kisha kunyamaza. Mradi wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini mwaka 2013, ukasimamishwa mwaka 2019 kwa hoja ya masharti mabaya, na jina lake limeendelea kutajwa. Mtu wa Mlingotini aliyeambiwa asiendeleze kiwanja chake kwa sababu bandari inakuja ameishi maisha ya kusubiri. Naye ni mwenyeji, na ratiba ya mgeni haimpitii.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, Idara ya Mambo ya Kale, vyuo vikuu na waongoza watalii wa Bagamoyo waandae kwa pamoja simulizi ya mji, kwa Kiswahili kwanza, ambamo mpagazi, mfanyabiashara, mpiganaji na mtumwa wote wana nafasi, na mwongozaji apewe cheti na ujira unaoeleweka. Pili, wamiliki wa nyumba za kale wapate unafuu wa kodi ya majengo na mafundi wa chokaa, kwa masharti ya kukarabati. Tatu, vijiji vinavyopakana na hifadhi za taifa vipewe kisheria asilimia ya mapato ya viingilio, na migogoro ya mipaka, ya Uvinje ikiwemo, isikilizwe hadharani na kufungwa kwa maandishi. Nne, Bodi ya Maji ya bonde ichapishe vibali vyote vya Wami na vipimo vya maji ya mlangoni kila msimu.

Mwanafunzi anayepanga kwenda huko mwisho wa wiki namwomba aende, apige picha zake, amfurahie kiboko. Kisha amuulize mwongozaji analipwa kiasi gani, amuulize mwanakijiji wa Saadani mara ya mwisho tembo aliingia shamba lipi, na amuulize nahodha wa boti kiangazi kilichopita chumvi ilipanda mpaka wapi. Majibu ya maswali hayo matatu ayalete darasani. Yatatufaa kuliko mengi tunayowafundisha kutoka vitabuni kuhusu maendeleo, na huenda yakawa mwanzo wa kuidai ile nusu ya pili ya methali.